Nani Atakuwa Garasa Msimu Ujao? Muulize Muuza Jezi wa Kariakoo

Haya ndugu zangu, dirisha la usajili liko wazi na Kariakoo imeshapata homa yake ya kila mwaka. Juzi nimeuliziwa jezi yenye jina la mchezaji ambaye hata hajatambulishwa. Hajapanda ndege, picha yake haipo kwenye ukurasa wa klabu, lakini kuna kaka ametoka Kimara na mwendokasi kuja kulitafuta jina lake mgongoni. Nikamwambia kaka yangu, subiri kidogo. Akanitazama kama nimemtukania mzazi.

"Dada, huyu ni mashine. Nimeona klipu."

Klipu. Likumbukeni hilo neno, tutalirudia.

Nina fremu ndogo pembeni ya Mtaa wa Congo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nyekundu zimetundikwa kushoto, kijani na njano kulia, katikati kuna mashine ya kupiga majina. Mimi timu gani? Timu ya mteja. (Mama anajua ukweli na inatosha.) Ukitoka kwangu kwa mguu, makao makuu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga yako kwenye kona ya Twiga na Jangwani. Klabu moja ya mwaka 1935, nyingine ya 1936, zimezeeka pamoja kama majirani wanaogombania ukuta. Kwa hiyo umbea wa usajili ukitoka kwao hauhitaji nauli, unafika kwangu bado wa moto.

Wenzangu mnabashiri kwenye mikeka. Mimi nabashiri kwa jezi. Siku ya Simba Day au kilele cha Wiki ya Mwananchi, mteja hana muda wa kusubiri umpigie jina, anataka aitwae, aivae, akimbilie kwa Mkapa. Ukiwa huna zilizopigwa tayari, anahamia fremu ya jirani. Ndiyo maana lazima ukae mapema uamue: nani atapendwa, nani atatutoa roho. Ukipatia, umekula. Ukikosea mzigo unadoda, na msimu ukiisha inatoka jezi mpya, ya zamani inabaki kuwa nguo ya kuoshea gari.

Mimi nilishakosea. Ndiyo sababu naandika hii.

Msimu siutaji, timu siitaji, jina ndiyo kabisa. Najua mtaanza kubahatisha, bahatisheni tu. Alikuwa mshambuliaji, pro kutoka nchi fulani, alipokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma na matarumbeta mpaka abiria wengine wakadhani amekuja rais. Niliangalia klipu yake ya dakika nne labda mara arobaini. Mwana anafunga kwa kichwa, anafunga kwa kisigino, anafunga akiwa ameanguka. Nikasema huyu ndiye atakayeniondoa kwenye hii fremu anipeleke ghorofani.

Pesa sikuwa nayo. Mama akakopa milioni moja na laki mbili kwenye kikoba chao, marejesho milioni moja na laki tatu na ishirini. Nikachukua jezi 40 za mchezaji mmoja. Arobaini! Wauzaji wenzangu walichanganya majina matano, sita. Mimi nikaweka yote kwa mtu mmoja, nikapanga kuuza 40,000 kila moja.

Wiki za kwanza niliuza 13. Halafu ligi ikaanza.

Mechi ya kwanza hakufunga, tukasema mgeni. Ya tatu akakosa goli ambalo hata mimi na hiki kitumbo changu ningefunga. Mechi ya sita kocha akamtoa kipindi cha kwanza bado hakijaisha, na jukwaa likashangilia ile bodi ya namba kuliko lilivyoshangilia kitu chochote siku hiyo. Kesho yake hakuna aliyeulizia jina lake. Aliyekuja alikuwa na jezi niliyomuuzia mwenyewe, anataka nilibandue. Mnamkumbuka Chama alivyovuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani mwaka 2024? Wiki ile watu walinijia na jezi zao nyekundu niwabandulie jina. Lakini wale walikuwa na hasira ya mapenzi. Huyu wangu alikuwa anabanduliwa kwa aibu.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa Februari, saa saba mchana, jua lile la kukaangia mayai. Winga wangu akaniletea wateja wawili. (Kwa msiojua Kariakoo, winga huku si mcheza pembeni. Ni kijana anayesimama barabarani kukuvutia mteja, naye anakula chake.) Mmoja alikuwa mwenyeji, mdomo mwingi. Mwingine mrefu, kofia imeshushwa, barakoa usoni. "Dada, huyu mgeni anatafuta zawadi za kupeleka kwao, mfanyie bei ya udugu." Winga hakumjua. Mimi nilimjua kabla hajainama kuingia. Mtu uliyemwangalia mara arobaini unamjua kwa mabega.

Na mlangoni kabisa, juu ya rundo, nilikuwa nimebandika karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, kalamu nyekundu: OFA OFA 20,000. Chini yake jina lake, nimeligeuzia nje ili lisomeke vizuri.

Akasimama. Akasoma. Akashika kitambaa cha jezi ya juu akakisugua kwa vidole, kama mama anavyokagua kitenge.

"Mbele zilikuwa ngapi?" Kiswahili cha kwao.

"Arobaini," nikasema.

"Zimebaki ngapi?"

"Chache tu."

Rundo lote lilikuwa mbele yake. Akalihesabu kwa macho, taratibu. "Ishirini na mbili," akasema.

Mwenyeji wake akaanza kucheka, alipoona hachekewi akaacha. Mimi natamani umeme ukatike. Halafu, naapa, jamaa akaanza kupatana bei! "Nikichukua tatu utanifanyia ngapi?" Akataka 15,000, mimi nikang'ang'ania 20,000, tukakutana 18,000. Elfu hamsini na nne. Moja ya mama yake, moja ya mtoto wake ingawa ilikuwa saizi ya mtu mzima, ya tatu hakusema ya nani. Nikamfungia kwenye mfuko mweusi, alioutaka yeye.

Alipofika mlangoni akageuka. "Dada, kule nilikuwa nacheza na mwenzangu. Hapa niko peke yangu mbele." Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayekuelekeza kituo cha daladala.

Usiku nikafungua tena ile klipu. Mabao tisa. Kwa mara ya kwanza sikumwangalia yeye, niliangalia mpira unatoka wapi. Mabao saba kati ya tisa pasi ilitoka kwa mtu mmoja, namba 11, mguu wa kushoto, anayeupeleka mpira palepale kila mara kama mtu anayeweka ufunguo juu ya fremu ya mlango. Klabu ilinunua mtu wa kufungua mlango, aliyekuwa anauweka ufunguo ikamwacha kulekule. Na mimi siku mbili kabla ya mwana kuja dukani nilikuwa nimeandika chini ya picha yake TUMEPIGWA, herufi kubwa, emoji tatu za kulia. Maoni 300 na kitu yalifuata la kwangu, yote ya namna hiyo. Sijalifuta. Ukichimba utaliona.

Kikoba hakijui habari za pasi. Jezi 13 za kwanza, tano za ofa na tatu zake ziliniingizia laki sita na sabini na nne. Mama akajazia laki sita na arobaini na sita kutoka kwenye pesa ya bati za kibanda chake cha Chanika. Hakusema neno. Mvua ya masika ilipokuja ndiyo akasema, neno moja tu, "Bati."

Basi tangu hapo nina daftari. Na kwa daftari hilo nawaambia nani atawatia presha msimu ujao, na wala sihitaji kutaja majina, mtawavalisha wenyewe wakitambulishwa.

Wa kwanza ni mrithi wa namba 9. Straika mkubwa akiondoka, anayefuata amekwisha kabla hajafunga kamba za viatu. Mayele alipoondoka Yanga kwenda Pyramids mwaka 2023, alikuwa ametoka kufunga mabao 17 ya ligi, na mtaa mzima ulikuwa unatetema kama yeye. Msimu uliofuata Yanga ilibeba ubingwa tena, na mfungaji bora wa ligi alitoka humohumo, Aziz Ki, mabao 21. Lakini Aziz Ki ni kiungo! Timu inashinda, inachukua kombe, na bado dukani kwangu kila Jumatatu: "Hatuna straika, dada." Sasa fikiria wewe ndiye straika huyo ambaye "hatuna". Unafanya mazoezi kila siku na watu wanasema haupo.

Wa pili ni anayerudi. Huyu ananiuma kwa sababu jezi zake zinauzika sana siku ya kwanza, na ndiyo mtego wenyewe. Watu wanamkumbuka Luis Miquissone alivyowafunga Al Ahly pale kwa Mkapa Februari 2021, bao moja, Waarabu wakaondoka vichwa chini. Al Ahly wenyewe wakamnunua mwaka huohuo. Aliporudi Msimbazi 2023, jukwaa lilikuwa linamsubiri yule wa 2021, na yule hakushuka kwenye ndege. Miaka miwili ya mchezaji ni mingi jamani, misuli ina kalenda yake. Sisi tunahifadhi lile goli kwenye simu halijazeeka, tunadhani na mguu nao ulihifadhiwa humo. Kwa hiyo ukisikia msimu huu kuna "kipenzi chetu anarudi nyumbani", mimi napiga jezi zake kwa wiki mbili tu, nauza, natoka.

Wa tatu hamtakubaliana nami. Ni yule aliyewafurahisha msimu uliopita kwa mabao mengi. Nendeni mkahesabu ngapi zilikuwa penalti. Mtu ana mabao 14, saba ni ya penalti, mnamwita mashine. Sawa, lakini penalti si yake, ni ya timu, na akisajiliwa mwingine anayepiga vizuri zaidi, mshikaji atabaki na saba na nyie mtasema ameshuka kiwango, amelewa umaarufu, mwanamke wa Sinza amemmaliza. Hajashuka popote. Ndivyo alivyokuwa tangu zamani.

Kuna na fundi. Mnamjua fundi, kiungo wa kanzu na tobo, akigusa mpira jukwaa zima linasimama. Huyo kwa Mkapa kwenye majani yale atawapa raha. Ila ligi yetu haichezwi kwa Mkapa tu, kuna Sokoine ya Mbeya, kuna viwanja mpira unadunda kama umekanyaga jiwe. Yanga ile iliyokaa mechi 49 za ligi bila kufungwa haikupotezea rekodi yake kwa Mnyama wala kwa Azam. Ni Ihefu, kule Mbarali, Novemba 2022, mbili kwa moja. Kwa hiyo klipu ya fundi mkiletewa, muulizeni aliyeipiga: huu uwanja ulikuwa na nyasi?

Kipa sina la kusema. Kipa ni kosa moja tu.

Anayeniumiza mimi binafsi ni mtoto wa nyumbani. Katoka timu ya vijana, katoka Temeke au Mwanza huko, tunampenda kinoma, tunataka apangwe. Klabu ina nafasi 12 za wageni, na kila mgeni aliyelipiwa pesa lazima acheze, la sivyo kiongozi aliyemleta ataulizwa. Mtoto anakaa benchi miezi mitatu. Siku anaingia dakika ya 80, mechi ngumu, anagusa mipira minne, anapoteza miwili, na walewale waliokuwa wanaimba jina lake wanasema, "Ndiyo maana hapangwi." Jezi zake huwa nauza tano tu kwa msimu, na wanunuzi karibu wote ni ndugu zake. Wananiambia wenyewe.

Na juu ya wote hao kuna ile mechi moja. Unaweza kuwa mchezaji mzuri miezi yote, ukateleza siku ya watani, ukafutwa. Novemba 5, 2023, Yanga tano, Simba moja, na siku mbili baadaye kocha wa Simba hana kazi. Watu wa Jangwani msicheke sana, Mei 2012 mlikula tano bila, na wazee wa hapa Kariakoo bado wanaitaja sita bila ya 1977 kana kwamba ni ya wiki jana. Mabeki waliokuwa uwanjani siku kama hizo hawaulizwi walichezaje mechi nyingine. Nina mteja mmoja hadi leo ukimtajia beki fulani anatema mate chini, na yule beki alibeba makombe huyo.

Halafu siku hizi tumekuwa na tamaa. Yanga imefika fainali ya Shirikisho 2023, ikashinda kwa USM Alger ugenini na bado kombe likabaki Algeria kwa goli la ugenini. Simba imefika fainali hiyohiyo 2025 ikaishia kwa Berkane. Ukishaionja fainali, mchezaji anayekufungia Tabora au Dodoma unamwona kama mtu aliyekuletea soda ukiwa umeagiza pilau. Zamani mchezaji alikuwa anatuudhi asipotupa ubingwa. Sasa anatuudhi akitupa ubingwa peke yake.

Mwaka huu nina mtaji wangu mwenyewe, laki sita, kikoba sijakigusa. Herufi nazikata mapema, lakini kwenye mashine sizipigi. Zinakaa kwenye bahasha, bahasha kumi na mbili, kila moja ina jina. Mteja akija nampigia mbele ya macho yake, dakika tano, nampa kiti na maji. Wanaokimbilia kwa jirani wakimbie. Na kabla ya kukata jina lolote natafuta kwanza klipu nyingine, ya pili, ile ambayo mchezaji hakufunga, niangalie mpira ulikuwa unatoka wapi.

Zile jezi zimebaki 19. Nilijaribu kuzibandua majina nizipige upya. Herufi zinatoka, ukipasha moto na kuvuta taratibu zinatoka zote, lakini pale zilipokuwa kitambaa kimebaki na rangi ya mwanzo, pembeni kimepauka kwa jua la mlangoni. Ukiiweka kwenye mwanga unalisoma jina vizuri kabisa. Moja nimeichukua mimi, naivaa nikisafisha fremu asubuhi.

Hivi naandika, winga wangu anakuja anakimbia kutoka Msimbazi, shati limelowa.

"Dada, ameshatua! Watu wamejaa uwanja wa ndege, ngoma, matarumbeta, balaa! Tupige ngapi?"

"Huko alikotoka," nikamuuliza, "nani alikuwa anampa pasi?"

Ameduwaa. Amesema anakwenda kuuliza.